Gari Lililonyweshwa Mawese

Jonan aling'oa kiti cha nyuma cha gari la mke wake bila kumwuliza, akampa fundi wa Bwera kiwe malipo ya kazi. Huo ndio ubaya aliotendewa Erina, na hauhitaji kupambwa. Gari lilikuwa lake. Alilipata kwa mgongo wake mwenyewe, kwa miaka ya kununua mawese ya Wakongomani sokoni Bwera na kuyapeleka kwenye kibanda chake mjini Kasese. Kwanza alibeba madumu kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki, na mwishowe ndani ya Korola nyeupe iliyochakaa, ambayo machoni pake ilipendeza kuliko bibi harusi.

Jonan hakuwa na neno na Korola hiyo mpaka siku alipowaona vijana wakishindana magari kwenye barabara iliyonyooka karibu na Kinyamaseke. Mwanamume mwenye kitambi na magoti yanayolia akaingiwa na kiu ya mbio. Tangu siku hiyo alikuwa akikaa barazani na simu mkononi, akitazama watu wa nchi za mbali wakifungua boneti. Akajifunza majina ya mabomba. Akajua ekzosi gani inanguruma na ipi inakohoa.

"Siri ni hewa, mama Phionah," alimwambia mkewe. "Injini ni kama mtu. Ikipumua vizuri, inakimbia."

"Wewe unapumua vizuri," Erina akajibu huku akichambua maharage, "na sijakuona ukikimbia tangu unioe."

Siku moja walipokwenda Bwera kuchukua mawese, Jonan alisimama kwenye gereji ya Hilaire, fundi aliyetoka Butembo, mtu mpole anayependa kuongea akiwa amelala chini ya gari. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana.

"Papa Jonan, hii gari iko muzee," miguu ilisema. "Tubadilishe bougies za kuwasha moto, tusafishe kabureta, tupime valves. Filtre yake ya hewa ya zamani iko muzuri, inakaa ndani ya boksi, inavuta hewa ya baridi kwa bomba yake. Usiitoshe, uiache pale pale."

"Hiyo haina sauti, fundi."

"Sauti haisukume gari, papa."

"Lakini inawaambia watu kwamba linakuja."

Erina alicheka. Alidhani maneno yameishia pale, akaenda zake sokoni.

Hayakuishia pale. Wiki iliyofuata Jonan aliomba gari, akisema anakwenda kumwona mgonjwa. Alirudi jioni akinguruma kama lori la saruji, mtaa mzima ukatoka nje. Boksi la hewa lilikuwa limetupwa. Mahali pake palikaa chujio jekundu lenye umbo la pia, aliloagiza Kampala, na kwa kuwa alisikia kwamba injini hupenda hewa baridi, aliitoa taa ya mbele ya kulia na kupitisha bomba kwenye tundu lile. Waendesha bodaboda walilipa gari jina kabla halijazimwa. Wakaliita Chongo.

Erina aliyaona hayo yote. Kisha akafungua mlango wa nyuma apakie madumu yake, akakuta bati tupu.

"Kiti kiko wapi, baba Phionah?"

"Gari la mbio halitaki uzito."

"Nimeuliza kiko wapi."

"Kwa Hilaire. Nilimpa kwa ajili ya kazi yake. Wewe muuza mafuta, si madumu yatakaa vizuri zaidi?"

Madumu yangekaa, kweli. Lakini Jumapili ile watu wa Kinyamaseke walikuwa wanakuja kumposa Phionah, binti yao wa pekee, na posa haiwezi kuitikiwa kama bibi mzaa mama hayupo. Bibi huyo, mama yake Erina, aliishi juu kabisa huko Bwesumbu, mlimani, na miguu yake haikuiweza tena pikipiki. Angeteremshwa na gari. Na desturi yao haimruhusu mama mkwe kuketi bega kwa bega na mume wa binti yake, wala kumtazama usoni, wala kula mbele yake. Garini ana mahali pamoja tu, nyuma, pembeni kabisa, kitenge kichwani. Jonan alikuwa amekitoa kiti kimoja duniani ambacho mama mkwe wake angeweza kukalia.

"Atakaa juu ya dumu," Jonan alisema. "Tutaweka mto."

"Mama yangu si mawese," akasema Erina.

Ijumaa jioni Jonan alisoma tena kwenye simu yake kwamba chujio la namna ile hupakwa mafuta mekundu maalumu ili linase vumbi. Aliwaza vumbi la saruji la pale Hima, ambapo wangepita kesho yake. Aliuliza madukani, hakuna aliyeyajua mafuta hayo. Kisha akatazama kibandani kwa mkewe. Mafuta mekundu yalikuwa yamejaa tele. Alichota kikombe, akalipaka chujio kwa brashi ya viatu, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha.

Jumamosi asubuhi wakaondoka, Jonan kwenye usukani, Erina kando yake, dumu tupu na mto nyuma. Kule bondeni jua lilikuwa kali na Korola ilikwenda vizuri. Jonan alikuwa akimtazama mkewe kila baada ya kona, akingoja sifa.

"Unasikia?"

"Nasikia harufu ya maharage ya mawese," Erina alisema.

Walipoiacha Hima nyuma na kuanza kupanda, ukungu ukashuka, baridi ikaingia kwa dirisha. Mngurumo ukapungua, ukawa mkoromo. Jonan akakanyaga mafuta hadi mwisho, gari likatoa moshi mweusi na kupanda kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo. Mwanamke mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani aliwapita, akawasalimu. Walipofika uani kwa mama, injini ilizimika yenyewe.

Jonan akafungua boneti. Chujio lilikuwa limegeuka rangi ya chungwa, limeganda lote, kama sufuria iliyosahauliwa nje usiku. Erina hakuhitaji kuelezwa. Kila anayeuza mawese anajua kwamba mjini Kasese mafuta hayo hutiririka kama maji, na mlimani unayachota kwa kijiko. Bomba la taa nalo lilikuwa limefanya kazi yake sawasawa. Lilileta hewa baridi, baridi kabisa, moja kwa moja juu ya mafuta.

Hapakuwa na njia ila kuliyeyusha jikoni. Jonan akalishika chujio kwa majani ya mgomba na kulipitisha mlangoni huku akiangalia pembeni. Mama mkwe aliketi nyuma ya pazia. Erina akalikalisha chujio karibu na mafiga, likaanza kudondosha.

"Erina," sauti ilisema nyuma ya pazia, "muulize mkwe wangu anapika nini."

"Mwambie mama ni kifaa cha gari," Jonan akasema akiwa nje. Desturi ilitaka maneno yapitie kwa Erina, ingawa ukuta ulikuwa wa udongo na kila mtu alisikia.

"Mwambie sisi huongeza kitunguu."

"Mwambie mama nimesikia."

"Muulize nitakaa wapi."

Nje Jonan akafuta mikono kwa majani ya mgomba. Kuku wakasikika.

"Mwambieni mama," Erina alisema, akijibu yeye mwenyewe kana kwamba naye ana wa kumtuma, "kwamba atakaa mbele, na mimi nitaendesha. Na mumwambie baba Phionah anipe funguo."

Ndivyo ilivyokuwa. Chujio lilipokwisha kudondosha likarudishwa mahali pake, gari likawaka. Bibi aliteremka mlimani kwenye kiti cha mbele, kitenge kichwani, akiwasalimu watu wa Hima kama anayewatembelea rasmi. Jonan aliteremka juu ya lori la kabichi, na siku ya pili watu wa Kinyamaseke walipokuja, baba wa binti aliwapokea akiwa na jani la kabichi kolani. Posa ikaitikiwa. Phionah alilia kidogo, kama inavyotakiwa.

Kisha wageni wakaondoka, lakini bibi hakuondoka. Alisema alikuja amekaa mbele kwa sababu ya shida, sasa shida imekwisha, na atarudi kwake akiwa amekaa nyuma, mahali pake. Mpaka leo yuko sebuleni kwa Erina. Na kwa kuwa mkwe hawezi kula mbele ya mama mkwe wala kupita pale alipoketi, Jonan anakula nyuma ya nyumba, pamoja na kuku, na kuingia kulala kwa mlango wa jikoni.

Kiti bado kiko Bwera, mbele ya gereji ya Hilaire, wateja wanakikalia wakingoja magari yao. Hilaire amesema atakirudisha siku papa atakapokuja mwenyewe kukiomba. Jonan hajakwenda. Anasema anaona haya.

Basi Jonan ndiye anayedaiwa. Anadaiwa kiti cha nyuma cha Korola nyeupe, na kabla ya kiti, anadaiwa maneno ambayo Erina hajayasikia hata siku moja katika ndoa yao, kwamba gari lilikuwa lako na sikukuuliza. Erina haharakishi. Mama yake amestarehe, na mvua za msimu zinakaribia kule nyuma ya nyumba.