Sitini kwa Arobaini

Mwaka 1949, wakati katapila zilipokuwa zikifyeka pori la Nachingwea ili karanga zipandwe, Severini alikuwa mshika mnyororo wa kupimia ardhi katika kikosi cha wapimaji. Alikuwa amesoma misheni, na katika aljebra yote aliyofundishwa alipenda kanuni moja tu: mraba ukiutoa katika mraba mkubwa zaidi, kinachobaki ni jumla ya upande wa mmoja na upande wa mwingine, mara tofauti ya pande hizo. Aliinong'ona njiani kama wengine wanavyosali rozari.

Akapewa kupima shamba la Nambambo: mraba wa yadi hamsini kila upande, na katikati yake kichaka cha yadi kumi kwa kumi. Ndani ya kichaka hicho Bibi Sabaha alikuwa amezika watoto wake watatu. Mawe hakuweka, miti ilitosha.

"Kichaka hakitaguswa, bibi," Severini alimwambia.

"Nimekushika neno, mwanangu."

Ilibaki kuandika eneo la kulima. Mwingine angezidisha hamsini kwa hamsini, akatoa mia. Severini alijumlisha hamsini na kumi, akatoa kumi katika hamsini, akaandika kwa fahari: 60 kwa 40. Jibu ni lile lile, yadi za mraba elfu mbili na mia nne.

Asubuhi iliyofuata Ignasi, dereva wa katapila, aliichukua karatasi, akapiga vigingi sitini kwa arobaini, akafyeka. Severini alipofika alikuta uwanja mwekundu, hata kisiki hakuna.

"Kichaka kiko wapi?"

"Kichaka gani, mwalimu?" Ignasi alicheka. "Karatasi yako haina kichaka."

Kweli haikuwa nacho. Kanuni ilikuwa imekimeza.

Bibi Sabaha hakulia. Alisimama na bakuli la unga wa mtama wa sadaka, akigeuka huku na huku. "Niumwage wapi? Niambie wamelala wapi."

Kigingi kimoja cha pembe ya ule mraba wa hamsini aliokuwa ameupima kilikuwa kimesalia. Severini akairudisha hesabu nyuma: hamsini toa kumi, nusu yake ishirini; yadi ishirini mbele, kisha ishirini kulia, pale palikuwa pembe ya kichaka. Mnyororo hushikwa na watu wawili, lakini Ignasi alikwishaondoka. Ishirini za kwanza aliufunga kwenye kigingi. Za pili hakuwa na pa kuufunga. Akaiacha ncha juu ya udongo uliolegea, akaenda akivuta.

Ulipaswa kumfuata. Haukumfuata. Ulinyooka, ukakaza. Aligeuka: hapakuwa na mtu. Akakosea hatua kwenda kushoto, nao ukamvuta taratibu kulia.

"Usishindane nao," Bibi Sabaha alisema kwa sauti ya chini.

Akafuata mpaka mvuto ulipokoma, akachora alama pale udongoni kwa kidole. Bibi akamwaga unga, akaita majina matatu. Kwa kila jina mnyororo ulilegea kidogo. Kwa la tatu ukaanguka chini.

Severini aliacha upimaji, akahamia Mandawa, Ruangwa, kulima ufuta. Kila mwaka alirudi Nambambo kumwonyesha Bibi Sabaha pahali pale, akihesabu kwa hatua za miguu, mikono mitupu.