Mgongoni mwa Kemunto

Juzi nilimwona muuguzi akishika kifundo cha mkono wa dada yangu Kemunto, akitafuta mapigo ambayo hayakuwepo tena. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni shambani kwetu Nyacheki.

Tulikuwa tukivuna ndizi nikajikata mguu kwa panga. Damu ilinuka kama chuma. Mgomba tuliotoka kuukata ulikuwa bado unachuruzika utomvu, nami nikajua nitachuruzika vivyo hivyo mpaka niishe. Moyo ulidunda hadi masikioni. Nilidhani ndio unaoimwaga damu nje, nikabana pumzi ili utulie. Sikujua kwamba damu huzunguka mwilini na kurudi moyoni.

"Pumua, wewe!" Kemunto alinifokea. Alilifunga jeraha kwa kitambaa chake cha kichwa, akanibeba mgongoni kupanda mlima.

Hapo nikausikia moyo wake, ukienda mbio kuliko wangu.

"Niteremshe, dada. Moyo wako utaisha."

"Hauishi. Ni uzito wako huo. Ugali wa jana uliumaliza wewe."

Sikumwamini. Nilibandika sikio mgongoni mwake mpaka nyumbani, nikiogopa kwamba ungesimama wakati sisikilizi.