Sindano Iliyobaki Kwenye Pindo

Sindano moja ya mfupa ilinigharimu mifupa minne ya muundi wa ng'ombe, vipande saba vya msasa, ncha ya kisu kizuri na nusu ya kucha ya kidole gumba. Nimehesabu mara mbili. Supu siihesabu, maana supu ililiwa.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2017, baridi ya Johannesburg ile inayopita chini ya mlango bila hodi. Mke wangu tulikuwa tumemzika mwezi wa tatu. Tulikuwa na chumba kimoja cha ushonaji Yeoville: mimi wa cherehani, yeye wa mkono. Pindo, vifungo, vitanzi, vyote vilikuwa vyake. Kazi yake ya mwisho ilikuwa suruali yangu, ya suti ya kahawia. Mguu wa kulia aliumaliza. Wa kushoto alifika katikati, akasema kichwa kinamuuma, akachomeka sindano kwenye kitambaa na uzi wake ndani, akaenda kujilaza kidogo. Hakurudi kwenye kigoda chake. Suruali niliitundika kwenye msumari nyuma ya cherehani, na sindano yake, na hapo ikakaa.

Dada yake mkubwa, shemeji yangu, alikuwa ameshapanga siku ya kuondoa matanga: Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane. Kwetu Kongo siku hiyo mfiwa anavua nguo nyeusi, anavaa mpya, watu wanakula na kucheza, na kilio kinaisha rasmi.

"Utavaa ile suti ya mdogo wangu," aliniambia.

"Ni suti yangu, shemeji. Kitambaa nilinunua mimi."

"Na mkono ulinunua wapi?"

Niliendelea kukanyaga cherehani.

Siku chache baadaye akaingia mama mmoja Mkenya, mwalimu wa chuo huko Braamfontein, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alikuwa anasomesha habari za watu wa kale. Alitaka fundi wa kweli amchongee sindano ya mfupa, kisha aitumie kushona kipande cha ngozi, wanafunzi wake waone.

"Mwalimu, madukani Fordsburg pakiti nzima ya sindano ni bei ya mkate. Mfupa wa nini?"

"Nataka kujua kazi inachukua muda gani."

"Muda wako au wangu?"

"Wako, fundi."

"Huo ndio ghali."

Nikasema randi elfu mbili, yeye akasema mia nane na kushika mkoba kama anayeondoka. Nilimwacha afike mlangoni, naye alijua kwamba ninamwacha afike mlangoni. Tukapatana elfu moja na mia tatu, ngozi juu yake. Nilimpa kiti changu. Kigoda hakuna aliyekikalia.

Akanieleza kwamba nguo za watu wale zimekwisha kuoza, zimebaki zana tu. Huku kusini, kwenye mapango, imeonekana mifupa iliyochongwa ncha, ya kutobolea ngozi: unatoboa, unaweka mfupa chini, unapenyeza mshipa wa mnyama kwenye kitobo, unavuta. Sindano yenye tundu ilikuja baadaye sana, nchi za mbali zenye baridi ambako mtu asiye na nguo ya kumkaa vizuri alikuwa anakufa tu.

"Na kuvaa kwenyewe kulianza lini?"

"Hakuna anayejua hasa. Wengine wanamuuliza chawa."

"Chawa?"

"Yule wa mwilini anaishi kwenye nguo. Wakikadiria aliachana lini na ndugu yake wa kichwani, wanakadiria na nguo."

"Kwa hiyo mteja wetu wa kwanza ni chawa. Na hakulipa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa nimesema tu.

Nikanunua miundi mitatu. Sasa, mimi ni mtu wa kutumia kitu mara mbili. Mfupa wenye uboho hauwezi kuingia kwangu ukaenda moja kwa moja kwenye kisu. Nikaichemsha yote mitatu na nyanya tangu asubuhi, nikala, kesho nikala tena, kisha nikaanza kuchonga. Wa kwanza ulikatika kwenye tundu. Wa pili ulikatika kabla ya tundu. Wa tatu ulipasuka mkononi ukaondoka na nusu ya kucha. Nikampigia mwalimu simu.

"Uliichemsha?"

"Mwalimu, mfupa usiochemshwa ni wa mbwa."

"Fundi, moto unatoa kile kinachoushikilia mfupa. Hapo umebaki na chaki."

Kumbe wale wa kale walikuwa wanachagua: supu au suruali.

Nikanunua wa nne, huo nikauchonga mbichi. Ulinuka siku nne, wateja wakakaa mlangoni. Tundu nililitoboa kwa ncha ya kisu, upande huu na upande ule, mpaka mwanga ukapita. Ncha ikavunjika. Sindano haikuvunjika.

Kisha nikashona ile ngozi. Ilikuwa miaka mingi sijashona kitu kizima kwa mkono. Mishono mia mbili na kumi na miwili, mmoja mmoja, na hakuna unaoweza kuruka. Mke wangu alikuwa anafanya hivyo kutwa pale kwenye kigoda. Mimi nilikuwa namwambia aharakishe.

Mwalimu alipokuja kuchukua kazi yake aliiona suruali msumarini, akanyoosha mkono.

"Usiguse."

Aliurudisha. Nikamweleza, kwa maneno machache. Hakunipa pole, nami nilishukuru. Pole nilikuwa nazo za kutosha.

"Sisi tukikuta kitu pale kilipoachwa," alisema, "tunakichora kwanza. Ukishakiinua, humrudishi mtu mahali alipokuwa."

Akalipa, akaenda.

Kesho yake nikaichora, nyuma ya risiti. Mguu wa kushoto, mishono thelathini na mmoja sehemu iliyokwisha. Pindo lililobaki, shibiri moja. Uzi uliobaki kwenye sindano, shibiri mbili na nusu. Nikapima tena. Unatosha. Alikuwa amekata uzi wa kumaliza.

Jumapili ya matanga shemeji alikuja kunichukua, akanikuta nimeshaivaa ile suti.

"Eish, shemeji! Mguu mmoja unafagia!"

"Najua."

"Lete nimalizie, dakika mbili."

"Hapana."

"Fundi mzima anakwenda mbele za watu na suruali ya nusu! Watasema nini?"

"Watasema fundi ana kazi nyingi."

Nikaenda hivyo hivyo, sindano ndani. Nilikula, nikacheza kwa hatua fupi, watu wakasema sasa nimepoa. Jioni nilipovua soksi nikakuta damu. Vitobo vinne vya sindano, kifundoni. Hakuna hata kimoja nilichosikia.

Suruali imerudi msumarini. Shemeji anasema matanga hayajatoka mpaka sindano itoke. Naye hajui lililo baya zaidi: sindano imeanza kushika kutu, na kutu, mimi fundi nawaambia, itakula kitambaa, na doa lake halitoki.

Basi nyinyi mnaoshona kwa mkono, nishaurini. Niichomoe tu, pindo libaki lilivyo? Au nimalizie kwa sindano ileile na uzi uleule? Na kama ni kumalizia, mshono wangu wa kwanza niuweke umbali gani, usije ukafunika wa mwisho wake?