Gari Lilijiwasha, Ufunguo Ukiwa Mfukoni Mwangu

Admin, nisitiri jina tafadhali. Ndugu zangu wengi wamo kwenye ukurasa huu.

Nina miaka 44, mwalimu wa fizikia sekondari, naishi Rwamishenye hapa Bukoba na mke wangu na watoto. Nyumbani kwetu ni Muleba, upande wa Nshamba. Najua mnatutania Wahaya kuwa ni nshomile, tumesoma na tunataka kila mtu ajue. Tanieni tu, leo sina cha kubisha.

Mwaka jana niliagiza gari la haibridi, lile linalotumia petroli na betri. Jamani, maswali! Unalichaji wapi? Mvua ikinyesha halipigi shoti? Betri ikifa ndiyo basi? Nilijibu yote nikiwa nimeegemea boneti kama vile nililitengeneza mimi. Ukweli ni kwamba nilikuwa najua nusunusu. Kitabu chake kilikuwa cha Kijapani, na swali langu mwenyewe niliona aibu kumuuliza mtu: nitajuaje kama limewaka au limezimika? Maana likisimama linakuwa kimya kabisa. Mwalimu wa fizikia nikaulize kitu kama hicho? Nikajiamulia kwamba likinyamaza, limezimika.

Siku nyingi niliweka gia kwenye P, ya kuegesha, na kubonyeza kitufe cha kuzimia kwa mazoea tu, maana ufunguo wake hauchomekwi, unakaa mfukoni. Siku ninayoisimulia nilikwenda kijijini mchana, mara ya kwanza na gari hilo. Nilipoingia uani mama alikuwa amesimama barazani ananisubiri. Kwetu mkubwa humsalimii ukiwa umekaa garini, ni dharau. Tairi za mbele ziligusa yale mawe ya kuzungushia ua, gari likatulia, kimya, nikashuka mbiombio. Lililia pii, pii, pii. Nilidhani linalalamikia mlango.

Nikamsalimia mama. Kisha akaja shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, anatoka kibanjani, yaani kwenye shamba letu la migomba na kahawa, na kapu la kahawa. Akaliweka chini, akapiga magoti kunisalimia, mgongo wake umeelekea gari. Mwanamke wa kwetu akipiga magoti hainuki mpaka salamu iishe, na salamu zetu ni ndefu. Mimi nilizirefusha zaidi. Nilimuuliza watoto, kahawa, ndizi, nikarudia watoto. Nilikuwa nafurahia kusalimiwa hivyo na gari langu likiwa pale linang'aa. Mungu anisamehe.

Injini ikawaka. Hakuna mtu ndani. Likapanda yale mawe, likaja. Mimi niliruka pembeni. Yeye alikuwa amepiga magoti. Lilimbana kwenye msingi wa baraza, na siku ya tatu alifia hospitali, akaacha watoto wawili.

Majirani waliokimbilia pale waliniona nimeinua ufunguo juu. Nilikuwa nasema nimelizima, ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Sikuwa nadanganya, niliamini hivyo. Lakini gari lililozimwa kuwaka lenyewe na kumfuata mtu, mnajua watu husema nini. Na wiki ile ile mama mdogo, yaani mke wa pili wa marehemu baba, alikuwa amegombana na shemeji kwa sababu ya mbuzi aliyekula maharage. Kabla hatujazika, kila mtu alikuwa ameshajua nani kamroga.

Miezi miwili baadaye nililipeleka gari kwa fundi mmoja mjini, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, kama habari za mtu mwingine. Alicheka. "Mwalimu, hili likinyamaza halijazimika, linapumzika. Ukiona hili neno READY hapa, gari liko kazini. Mtu akiliacha kwenye D, gia ya kwenda mbele, akashuka, betri ikipungua injini inajiwasha yenyewe na linaondoka. Na huwa linampigia kelele, pii pii, kwamba ameliacha limewaka."

Nilimlipa, nikalirudisha gari nyumbani polepole. Tangu hapo sina amani. Simu ya mtu ikilia pii darasani, chaki inanidondoka. Kengele ya baiskeli nikiisikia nageuka kuangalia nani amepiga magoti nyuma yangu. Gari limekaa uani miezi mitano sijaligusa, mke wangu anadhani naogopa mapepo. Nampenda lakini sijamwambia ukweli.

Mdogo wangu ndiye ananimaliza. Siku ya kuanua tanga alinishika mkono akasema, "Kaka, nashukuru ulikuwepo. Bila wewe kutuonyesha ule ufunguo tusingemjua mchawi." Nikitamka ukweli, aliyemuua mke wake ni mimi. Nimeanza hiyo sentensi mara nyingi sana, naishia kumuuliza habari za watoto.

Huku nyuma mama mdogo anaisha. Hakuna anayempa moto wala anayepokea ndizi zake. Jumapili nilipokwenda kijijini, kanisani alikaa kwenye benchi peke yake. Jumamosi hii ukoo unakutana kumwondoa kwenye kibanja alichoachiwa na baba, ana miaka zaidi ya sabini na hana mtoto. Na mimi, kwa kuwa nimesoma na nilikuwepo, ndiye nimeombwa kueleza kikaoni nilichokiona.

Jumapili hiyo hiyo baada ya ibada alinifuata nje. Hakulia wala hakulaumu. Ndiye alinibeba mgongoni nikiwa mdogo mama akiumwa, lakini alinisemesha kwa heshima kama mgeni.

"Waitu, mwalimu, wewe umesoma. Mimi sijasoma. Hivi gari linaweza kuwaka lenyewe bila kurogwa?"

Watu walikuwa wamesimama wanasikiliza. Mdogo wangu alikuwepo, amemshika mtoto wake mdogo mkono.

Nikamwambia, "Haliwezi, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akafunga khanga yake vizuri, akaondoka. Kwa namna alivyoondoka nadhani hata yeye sasa ameanza kujishuku.

Ndugu zangu, leo ni Alhamisi. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini tu: Jumamosi nikisimama mbele ya ukoo, nianzie wapi?