Namba Tatu kwa Mkono Mmoja

Tarsisi alikaa dirishani miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukosea hesabu. Dirisha lenyewe lilikuwa tundu la kupitisha mkono tu, kwenye kibanda cha mabati kilichojengwa juu ya shimo la mgodi kule Geita. Mchimbaji akienda chini alichukua kisahani chake cha shaba kilichogongwa namba. Akipanda juu alikirudisha, na Tarsisi akakitundika kwenye msumari wake. Wenyewe walikiita namba, basi. Msumari ukibaki mtupu jioni, maana yake kuna mtu bado yuko chini, na king'ora kinapigwa. Nyuso za watu hakuziona. Aliona mikono, na baada ya muda akawa anamjua kila mtu kwa mkono wake.

Sheria za dirishani zilikuwa mbili, na alizihubiri kuliko padre anavyohubiri amri kumi. Ya kwanza, mtu asishike namba ya mwenzake hata kwa dakika moja. Ya pili, anayepotea chini akae palepale alipo, asihangaike, atafuatwa. Wanywaji wa pombe pale kambini walimwita Bwana Namba, wakamtania kwamba hata mkewe akienda kisimani ni lazima aache namba mlangoni. Hakukasirika. Mtu aliyewarudisha watu wote juu kila jioni kwa miaka kumi na minne ana haki ya kujivuna kidogo.

Mgodi ukafungwa mwaka 1966. Tarsisi alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, na kwao mashamba yalikuwepo, kwa hiyo hapakuwa na la kubishana: ni kurudi na kushika jembe. Mkewe Febronia aliomba jambo moja tu kabla hawajaanza kilimo.

"Baba Limi, watoto hawajamwona bibi yao," alisema. "Mama yangu anazeeka kule Ngara. Tuwapeleke, nao wakaione milima."

Watoto walikuwa watatu, ukiacha kichanga cha mgongoni. Limi alikuwa na miaka minane, Alois sita, na Anisia, kitinda mimba aliyepokonywa cheo na kichanga, alikuwa na mitano. Hawakuwa wameona mlima zaidi ya vile vilima vya mawe vya Geita. Wiki nzima Limi aliuliza kama mlima wa bibi ni mrefu kuliko mnara wa kanisa la misheni, na Anisia akataka kujua kama ukifika juu unaweza kuanguka.

Tarsisi naye alijiandaa kwa namna yake. Alikata mfuniko wa kopo la mafuta, akapata visahani vitatu, akavitoboa kwa msumari namba moja, mbili na tatu, akavitia kamba. Mtoto akishuka kwenye lori achukue namba yake, akipanda airudishe kwa baba, na sheria zilikuwa zilezile mbili za dirishani. Watoto waliona ni mchezo mzuri. Febronia aliona ni upuuzi, lakini aliwavalisha.

Waliondoka katikati ya Novemba kwa lori la Theonest, rafiki wa Tarsisi tangu mgodini, aliyekuwa anapeleka chumvi Ngara. Theonest, Tarsisi, Febronia na kichanga walikaa mbele. Watoto walikaa nyuma juu ya magunia ya chumvi, chini ya turubai. Walipita pori la Biharamulo wakifukuza inzi wa ndorobo kwa matawi, na Anisia akatapika mara mbili. Febronia alimwambia Limi kwamba wakisimama tena, Anisia atahamia mbele akae naye.

Walisimama saa nne asubuhi, mahali barabara inapoanza kupanda, ili injini ipoe. Pembeni palikuwa na kijumba cha watengeneza barabara, kinafuka moshi. Watoto walishuka na namba zao. Kamba ya Anisia ikakatika, akampa dada yake amshikie, akaenda nyuma ya kichuguu kujisaidia. Mvua ikashuka bila kubisha hodi, mvua ya milimani, ya baridi, na kila mtu akakimbilia lake. Limi na Alois walirukia chini ya turubai. Limi hakumwona Anisia, na kwa akili ya miaka minane akajua ameshapelekwa mbele kwa mama.

Mkono wa baba ukaingia chini ya turubai. "Namba," alisema.

Limi akisema anayo ya Anisia, atakuwa amevunja sheria ya kwanza, na baba yake hakuwa mtu wa kusamehe sheria ya kwanza. Akachukua na ya Alois, akaziweka zote tatu kwenye kile kiganja. Tarsisi akagonga bodi ya lori. Huko mbele Febronia alikuwa anamfunika kichanga. Akauliza kuhusu Anisia.

"Wote wamo, ninazo tatu," Tarsisi alimjibu.

"Basi abaki hukohuko ajifunike. Akija mbele sasa atalowa."

Lori lilipanda kwa kuteleza saa tatu nzima. Walipofika juu, Theonest alisimama kuangalia magurudumu, na Febronia akazunguka nyuma na viazi vitamu vya kuchoma. Akafunua turubai. Alipouliza Anisia yuko wapi, Limi alimtazama mama yake, akatazama nyuma ya mgongo wa mama yake, akasema, "Si yuko na wewe, mama?"

Waligeuza lori palepale, na kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Mara mbili lori liliingia mtaroni, mara mbili wanaume wakalichimbua kwa mikono. Walifika saa kumi na moja jioni, na mvua ilikuwa bado inanyesha. Anisia alikuwa amekaa kando ya kile kichuguu, gunia mabegani. Mwanamke mmoja amesimama karibu yake, amemkinga kichwani kwa ungo. Aliitwa Nyamizi, mke wa mtengeneza barabara, na kijumba chake chenye moto hakikuwa hata hatua hamsini kutoka pale.

"Huyu ni wenu?" aliuliza Nyamizi. "Nimemsihi tangu asubuhi aingie ndani aote moto. Nimembeba mara mbili, analia, ananiponyoka, anarudi hapahapa. Anasema baba yake amekataza kuondoka."

Anisia aliinua uso. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, na meno yalikuwa yanagongana.

"Sikuondoka, baba," alisema. "Namba yangu anayo Limi."

Homa ilianza usiku uleule. Walimfikisha kwa bibi yake kesho yake mchana, zahanati ya misheni ikatoa dawa, na bibi akakaa naye kifuani kwa siku tatu kama anayeatamia yai. Siku ya nne Anisia alikufa. Walimzika kwenye migomba, mahali ambapo ardhi inateremka hadi huwezi kuona mwisho wake. Tangu wafike ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, lakini wakati wa kufukia ulifunguka, na milima ikatokea yote kwa pamoja, safu nyuma ya safu. Alois akasema kwa sauti kwamba ni mirefu kweli.

Waombolezaji walisema ni kazi ya Mungu, kama watu wanavyosema. Jioni ya maziko Limi alimwendea bibi yake, akasema mbele ya watu, "Ni mimi. Mimi nilishika namba yake." Febronia alisikia. Hakumpiga, hakumfokea. Ila kuanzia siku ile hakumruhusu Limi kumbeba kichanga, wala mtoto mwingine yeyote aliyemzaa baadaye.

Tarsisi naye alikuwepo, amekaa kwenye kigoda, miguu yake karibu kabisa na ya Limi. Alitakiwa kusema neno moja, na alilijua. Chini ya lile turubai alipokea namba tatu kutoka kiganja kimoja kidogo. Mtu aliyewajua wachimbaji mia mbili kwa mikono yao hawezi kukosa kuujua mkono wa mwanawe. Aliujua palepale, kabla hajagonga bodi: huu ni mkono wa Limi, na namba zote zimetoka kwake. Pale Geita angesimamisha kazi ya mgodi mzima. Lakini mvua ilikuwa inampiga mgongoni, na hesabu ilikuwa imetimia. Neno hilo hakulisema kwenye kigoda, wala njiani wakati wa kurudi Ushirombo, wala mwaka uliofuata. Kadiri lilivyokaa ndivyo lilivyozidi kuwa zito kulitoa, na mwisho akawa ameshazoea kuishi nalo.

Limi alikua msichana mkimya, anayejibu akiulizwa. Aliolewa na Ngassa, mtu wa reli pale Isaka, akazaa watoto wawili. Milimani hakurudi tena. Febronia alifariki mwaka 1981. Miaka miwili baadaye ikaja habari kwamba yule bibi wa Ngara naye amefariki, katika uzee mkubwa, na Limi hakuwa na namna ila kwenda. Ngassa aliazima pikapu. Walipita Ushirombo Jumamosi asubuhi ili wafike kabla ya Jumapili mchana, maana zilikuwa enzi za gari binafsi kukatazwa kutembea saa hizo ili kubana mafuta.

Tarsisi hakuwa na kifua cha kusafiri tena. Alisimama mlangoni mwa pikapu, akamtazama Limi akiwapakia wanawe. Hakuhesabu kwa mdomo. Alimgusa kila mmoja usoni, akarudia, akarudia tena.

"Limi."

"Abee, baba."

"Siku ile nilijua kwamba zote umenipa wewe."

Limi alikuwa anamfuta mwanawe mdogo shavu; mkono wake ukabaki palepale. "Ulijua lini?"

"Kabla lori halijaondoka. Ningefunua turubai tu. Mvua ilinishinda."

"Na niliposema kwa bibi kwamba ni mimi?"

"Nilikusikia." Alikohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Nilikuacha ubebe wewe, mwanangu. Ukibeba wewe, mimi nilikuwa napata usingizi."

Ngassa aliwasha gari, akazima, akatazama pembeni. Limi aliingia, akafunga mlango taratibu ili asimbane mtoto.

"Mama amekufa anajua ni mimi," alisema.

Pikapu ikaingia barabarani kuelekea magharibi. Kutoka pale Tarsisi aliposimama, uso wa Limi haukuonekana. Ulionekana mkono wake tu, umeshika ukingo wa dirisha, na aliutazama mpaka gari likapotea. Haukumpungia.