Boga la Mbegu la Bibi

Nilikuwa mtoto mpaka asubuhi ya Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, kule Thornton Heath, London, nilipovunja ungo katikati ya mashina ya kunde yaliyokauka. Baada ya hapo nikawa mkosi. Nalisema jambo hili bila kulipamba, maana hasira yake ninayo mpaka leo na sina haja ya kuificha.

Tulikuwa na kishamba cha kukodi kwa halmashauri, nyuma ya reli. Bibi, mama yake baba, alikiita konde, kama vile bado yuko Unguja. Majirani zetu Waingereza walipanda viazi na maua. Sisi tulipanda mchicha, kunde na maboga, na kila mwaka baridi ikatucheka. Kwetu vuli ni mvua, watu hushika majembe wakapande. Vuli ya London ndipo kila kitu kinapokufa, na jambo hilo Bibi hakulikubali hata siku moja.

Kila vuli tuling'oa yaliyokwisha, tukachomeka vitunguu saumu vikae ardhini mpaka mwakani, na jioni Bibi alifungua vifundo vyake vya mbegu juu ya meza ya jikoni, akapanga. Mchicha ukae palipokuwa na kunde. Kunde zihamie ukutani penye jua. Maboga yabaki palepale karibu na pipa la maji, pamewazoea na wao wamepazoea. Aliyasema maboga kama watu. Mimi ndiye niliyekuwa mkono wake. Mbegu, alisema, hushikwa na mtoto ambaye bado hajaingia mambo ya wakubwa. Mkono mwingine ukizishika huota kwa uvivu. Nikachambua, nikapepeta, nikafunga vifundo. Shuleni hapakuwa na mwalimu aliyeweza kulitamka jina langu. Pale mezani nilikuwa mtu.

Mbegu za maboga alitoka nazo Unguja baada ya Mapinduzi, kazishonea kwenye pindo la kanga. Nyumba ilibaki, vyombo vilibaki, kaburi la mumewe lilibaki. Mwaka ule ninaousema konokono walitafuna miche, akapanda tena, wakatafuna tena, mpaka kifundo kikawa kitupu. Kwa taabu yote hiyo tulipata boga moja tu la maana. Ndani yake ndimo zilimokuwa mbegu zote tulizobakiwa nazo duniani, na Bibi alikuwa ameniahidi kwamba nitalipasua mimi.

Boga lile lilikuwa na miiko yake. Halikunyooshewa kidole, lisije likaoza. Ukitaka kulionyesha unakunja ngumi. Na mwanamke aliye mwezini hakanyagi kondeni kabisa. Miiko hii niliijua kama ninavyojua kunawa mikono kabla ya kula, wala sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku itanihusu.

Siku ilipofika nilikuwa nimepiga magoti, nang'oa kunde. Nilimnong'oneza Mama. Akanipeleka kwenye kibanda cha zana, akanipa mtandio wake nijisitiri, kisha akaenda kumwambia mama mkwe wake.

Bibi hakupiga kelele. "Mtoe," alisema. "Mpitishe pembeni, asipite penye boga."

Kwetu mwari hupigiwa vigelegele, hutafutiwa somo wa kumfunza na kumbembeleza. Mimi nilitolewa kama mbuzi aliyeingia jikoni.

Kesho yake wakarudi kondeni, nami nikaachwa njiani, nje ya ua wa waya. Mzee wa kishamba cha jirani, Mwingereza wa kofia ya sufu, akanijia. Alikuwa mtu mwema. Akaniambia kwamba redio imetangaza jalidi wiki hiyo, ile baridi inayoacha weupe juu ya majani, na kwamba boga lile likilala nje limekwisha. Tena akalinyooshea kidole, kirefu kabisa.

Nikapaza sauti. "Bibi! Anasema jalidi inakuja. Tulikate leo tukaliweke ndani."

"Mwambie ashughulike na viazi vyake. Boga la mbegu halikatwi. Mpaka ukonyo ukauke wenyewe."

"Huku hakuna jua la kuukausha, Bibi!"

"Nyamaza! Na wewe usiliangalie."

Mama alikuwa anafukia vitunguu saumu. Aliinua kichwa, akatazama mbingu, akalitazama boga, akanitazama mimi. Kisha akainama akaendelea na kazi.

Jalidi ikaja, na baada yake mvua. Jumamosi iliyofuata majani yote ya maboga yalikuwa yamenywea, meusi. Boga lenyewe kwa juu lilikuwa zima. Bibi aliposhika chini ili aligeuze, vidole vyake vikazama. Akalipasua kwa kisu. Yakatoka maji ya rangi ya chai, na mbegu ndani laini, mapepe matupu. Alizikamua moja baada ya nyingine akitafuta hata moja ngumu. Hakuipata. Akakaa chini kwenye tope, mwanamke ambaye hakuwahi kukaa hata kwenye kiti bila kukipangusa.

Kisha akanitazama mimi kule njiani. "Damu yako imeniozeshea boga langu," alisema.

Hakusema jalidi. Hakusema mvua. Hata kidole cha Mzungu kilisamehewa! Nililia kwa ghadhabu. "Si mimi! Niliwaambia! Niliwaambia likatwe!"

"Muombe Bibi yako radhi," alisema Mama.

Nikaomba. Nilisimama nje ya waya nikaomba radhi kwa sababu ya mwili wangu. Mnyonge hana haki, na hakuna mnyonge kama msichana wa miaka kumi na miwili.

Sikushika tena kifundo cha mbegu maisha yote ya Bibi. Na ubaya zaidi ni kwamba niliamini. Miaka na miaka, siku zangu zikifika, sikukanda unga wala sikumbeba mtoto mchanga wa watu. Nilikwenda chuo kikuu, nikafanya kazi, nikaolewa, na bado nilijiona nina sumu.

Sasa nina kishamba changu. Vuli iliyopita tulikuwa jikoni kwa Mama, tunatenganisha vitunguu saumu vya kupanda, mimi na binti yangu na yeye mwenyewe Mama, mzee sasa. Binti yangu akasema kwa Kiingereza, maana ndivyo anavyojibu siku zote, kwamba tumbo linamuuma, yuko katika siku zake, lakini kesho atakuja kulima vilevile. Mikono yangu ikasita. Mama akacheka.

"Si aje! Mimi nikiingia kondeni kila mwezi. Bi Mkubwa angejuaje? Na kazi ingefanywa na nani?"

Nikaweka kitunguu chini. "Hata wiki ile ya boga?"

Kicheko kikamkatika. "Hata wiki ile."

"Na ulijua ni jalidi?"

"Nani asingejua? Majani yalikuwa meusi kama makaa."

"Kwa nini hukusema, Mama?"

Alivingirisha kitunguu kiganjani. "Ningemwambia nini yule mzee? Kwamba mbegu alizozitoa Unguja kaziua mwenyewe kwa ukaidi? Asingeinuka tena pale chini. Wewe ulikuwa mdogo, mwanangu. Nilijua utapona."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bibi nimemsamehe zamani, kwa sababu aliamini alichokisema, na alikwisha nyang'anywa mengi. Sikatai kwamba Mama alibanwa. Alikuwa mkwe katika nyumba ya watu, na mbele yake palikuwa na mzee aliyevunjika. Lakini yeye alijua. Siku ile alitakiwa mmoja wa kuumia, Mama akatupima sote wawili, akanitoa mimi. Kisha akaishi nami miaka yote hiyo, akiniona najitenga na unga na watoto wachanga, asiseme neno.

Alikuwa ananisubiri niseme si kitu, yamepita. Binti yangu naye ananitazama. Kiswahili anakielewa chote.

"Sikupona, Mama," nilimwambia.