Barua pepe iliyosema mume wangu amepata ajali

Jamani, yamenikuta!

Leo nimeletewa barua pepe: "Mumeo Festo amepinduka na lori la makaa ya mawe huko Ngaka. Fungua faili hili, weka nywila yako, usome hali yake."

Ndoa yetu ina wiki tatu tu! Ilibaki kidogo nifungue.

Nikampigia kwanza. Simu ikaita, ikaita, machozi yananitoka.

"Mke wangu, umeshanikumbuka?" Yuko foleni ya kupakia, anacheka!

Nilipomsomea, akaacha kucheka. "Usifungue, mama. Hao matapeli, hapo kuna virusi."

Nimeifuta. Lakini walimjuaje?

Ni mimi! Jina lake, lori lake, safari zake, vyote nimeviandika humu humu mtandaoni nikijivunia mume.

Nyie mngefungua?

Na mpenzi wangu anarudi lini? Safari hii siwaambii.